Goma: picha za alfajiri kando ya ziwa na miaka iliyojificha ndani yake

Wapiga picha wa Goma hushuka kando ya Ziwa Kivu kabla jua halijatoka. Mji uko kaskazini mwa ziwa, jua linatokea upande wa Rwanda, na saa hiyo mlima Nyiragongo, wenye mita karibu 3,470, mara nyingi unaonekana wote. Baadaye mawingu yanaufunika.

Picha hizo zina faida kupita uzuri wake. Familia nyingi zilizokimbia vita ziliacha albamu nyumbani; nyingine zimebaki na picha moja tu, haina tarehe. Mwenye kujua historia ya ukingo huu anaweza kuiangalia na kukaribia mwaka.

Tuanze na samaki. Asubuhi wavuvi wanarudi na pirogi tatu tatu zilizofungwa pamoja kwa miti mirefu, baada ya kuvua usiku kwa taa. Wengi wanafikiri sambaza ni wa Kivu tangu mababu. Hapana. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu Kivu lilikuwa na samaki wachache. Picha ya zamani yenye sambaza walioanikwa juani haiwezi kuwa ya mwaka 1940.

Wakati wa Wabeleji, ofisi ya habari ya serikali yao, Inforcongo, ilisambaza picha nyingi za Kongo. Chini yake mara nyingi liliandikwa jina la mahali na la mpiga picha. Mtu aliyeshika kasia alibaki «mvuvi» tu. Hilo ndilo pengo ambalo vijana wa leo wanaweza kuziba, kama wakiuliza jina kabla ya kuondoka.

Halafu angalia mawe. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulipasuka, na moto wake ukapita katikati ya mji mpaka ukaingia ziwani. Ulipopoa, ukaacha nchi mpya nyeusi mahali palipokuwa maji. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wakavuka mpaka kwenda Gisenyi. Kwa hiyo wazee wawili wanaweza kubishana mahali ukingo ulipokuwa, na wote wawili wakasema kweli: mmoja anakumbuka kabla, mwingine baada.

Hata giza lina habari. Kwa miaka mingi baada ya 2002, anga juu ya mlima ilikuwa nyekundu usiku, kwa sababu ya moto uliokuwa ukichemka ndani ya shimo lake. Mlima ulipopasuka tena tarehe 22 Mei 2021, moto huo ulimwagika na ule mwanga ukazimika kwa muda.

Picha za mwezi wa saba 1994 ni nzito kuliko zote. Mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache, na maji yaliyokuwa karibu ni ya ziwa. Kipindupindu na kuhara viliua watu karibu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Leo bado watu wanateka maji hapo kwa bido za njano, na chukudu zinayapandisha kwenye mitaa. Mgeni anaona picha nzuri. Mama wa Goma anaona maji yasiyochemshwa.

Mwisho, Kituku. Mwanzoni mwa 2024 vita vilikaribia Sake na kukata barabara ya Minova. Chakula, na watu wengi wenye kukimbia, vikapita ziwani. Ndiyo maana picha za bandari hiyo ndogo za mwaka ule zinaonyesha mashua zimejaa kuliko zamani. Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2024, asubuhi, mashua moja kutoka Minova ilipinduka karibu kabisa na Kituku. Watu waliokuwa nchi kavu waliiona ikilala upande, na wengine walikuwa na simu mkononi. Makumi ya watu walikufa wakiwa wanaiona bandari. Picha zilizopigwa kutoka ukingoni siku hiyo si za kupamba ukuta, lakini zinaonyesha bei ya barabara iliyofungwa.