Safu ya Lugha: Kupwa

Bahari ikirudi nyuma na kuacha miamba wazi, maji yamepwa. Oronsay, kisiwa kidogo kisicho na wakazi katika Loch Bracadale, magharibi mwa Skye, Uskoti, kimepewa jina kwa sababu hiyo hasa: katika lugha ya Waviking, Örfirisey ni kisiwa cha maji kupwa. Reykjavik nako jina hilo lipo. Maji yakipwa, unavuka kwa miguu hadi Oronsay kutoka Ullinish, Skye, juu ya mawe yanayoteleza kwa mwani. Ng'ambo, nyasi zinapanda mpaka ukingoni mwa majabali. Yakijaa, njia haipo. Tafadhali, tusiandike “maji yamepungua”. Ya mtoni hupungua. Ya bahari hupwa, na wakati wa bamvua hupwa mbali zaidi.