Moto Juu, Moto Chini

Anayetaka kuandika historia ya mapishi ya Kiingereza huku Nyanda za Juu Kusini aanze na wapishi wenyewe, nao walikuwa wanaume wa Kihehe, Kibena, Kinyakyusa na Kisafwa. Marehemu babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Aliingia shamba la mlowezi karibu na Sao Hill akiwa toto wa jikoni, kazi yake kupasua kuni na kumenya viazi, hadi siku alipokabidhiwa jiko.

Walowezi wa Kiingereza walianza kuitupia macho nchi hii katikati ya miaka ya 20. Mwaka 1925 Lord Delamere wa Kenya aliitisha mkutano wa walowezi Tukuyu, na kampuni yake ikawasaidia Wazungu kuanzisha mashamba Iringa. Tangu mwaka huohuo Wajerumani nao waliruhusiwa kurudi. Kisha ikaja dhahabu ya Lupa, kule Chunya, na Mbeya ikawa mji. Baridi ndiyo iliyowapa moyo wa kula kama kwao. Pudingi ya zabibu kavu na mafuta ya figo ya ng'ombe, ukiila Dar es Salaam, ni adhabu. Mufindi mwezi wa saba, ukungu umelala juu ya chai, ni chakula cha maana kabisa.

Vitu vilitoka mbali. Unga wa ngano, zabibu kavu na makopo ya bekingi pauda vilishushwa kwenye treni Dodoma, vikapakiwa kwenye lori hadi Iringa, vingine vikaendelea Mbeya. Masika barabara ikiharibika, mpishi alijua la kufanya: nusu unga wa ngano, nusu wa mahindi uliochekechwa mara mbili.

Vitabu vilikuwepo. Kina mama wa Kanisa la St Andrew's, Nairobi, walitoa kitabu cha mapishi kwa walowezi mwaka 1928. Mwaka 1936 F. H. Le Breton akatoa kitabu cha kuwafundisha walowezi na wake zao Kiswahili cha bara. Babu hakushika hata kimoja. Memsabu alimsomea vipimo, yeye akavihifadhi kichwani, na akagundua mapema kwamba vipimo hivyo havifai huku.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji atulie. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Pudingi iliyofungwa kwenye kitambaa na kuchemshwa sufuriani hukawia kuiva. Keki nayo huumuka upesi mno, kwa kuwa hewa ni nyepesi na haiibani, kisha huanguka katikati kabla unga haujashikamana. Babu alipunguza pauda, akapunguza sukari kidogo, akaongeza maziwa na kuzidisha moto wa mwanzo. Miaka mingi baadaye, nikisomea sayansi kimu, nilikuta maelekezo yaleyale kwenye somo la kuoka nyanda za juu. Hakuna aliyemfundisha. Aliyapata kwa keki zilizoanguka na kwa makaripio ya watu waliozila hivyohivyo.

Jiko la chuma la kuni halikuwa na kipimajoto. Alinyunyiza unga kidogo kwenye karatasi, akaiweka ndani, akahesabu taratibu. Unga ukiungua haraka, alivuta kuni nje. Ukibaki mweupe, aliongeza. Safarini, au kwenye nyumba isiyo na jiko hilo, alilaza debe tupu la mafuta ya taa ubavuni, akalizungushia udongo, akapanga makaa chini na kupalia mengine juu. Hapo mkaa wa juu ndio wenye kazi: ukizidi, keki hushika rangi nje na kubaki mbichi moyoni. Nimeoka hivyo mwenyewe, na naamini hakuna oveni ya umeme inayotoa ukoko kama ule.

Baada ya Uhuru walowezi wengi waliondoka. Wapishi walibaki, wakaenda mahotelini, misheni na kwenye shule za bweni, na wengi waliwafundisha wake na binti zao. Mama yangu alijifunza hivyo, akauza skonzi asubuhi na keki za kipaimara na harusi. Mwanzoni mwa miaka ya 80, unga, sukari na siagi vilipopatikana kwa foleni, aliendelea kuoka kwa mayai machache na mafuta ya alizeti. Leo pale Mwanjelwa skonzi na chai ya rangi ni kifungua kinywa cha yeyote. Iringa mjini, kwenye mgahawa wa Neema Crafts, mradi wa Kanisa Anglikana ulioanza 2003, keki huletwa mezani na wahudumu viziwi wanaojua kazi yao barabara.

Makumbusho ya Boma pale Iringa yana nafasi ya kutosha kwa debe moja la kuokea. Ningependa liwekwe, na kando yake majina ya wapishi wa mashamba ya Sao Hill, Mufindi, Dabaga na Mbeya. Watoto wao wengi bado wako hai na wanayajua; waulizwe sasa.