Jinsi ya kusoma takwimu za mpira wa kikapu: mfano wa Hasheem Thabeet

Mechi ya kikapu ikiisha, simu inakuletea matokeo pamoja na jedwali lenye majina upande wa kushoto na safu za tarakimu upande wa kulia. Wengi wetu tunatazama safu moja tu, ile ya pointi, kisha tunatoa hukumu: huyu mkali, yule hamna kitu. Hukumu ya namna hiyo imemwangukia sana Mtanzania mmoja, Hasheem Thabeet, na kupitia kwake tutaeleza jedwali hilo linasomwaje.

Tuanze na herufi zenyewe, kwa sababu karibu kila ukurasa wa matokeo unaziandika kwa Kiingereza. MIN ni dakika alizocheza. PTS ni pointi. REB ni ribaundi, yaani mpira uliotupwa ukakosa kikapu naye akaudaka. AST ni asisti, pasi iliyozaa kikapu. STL ni mpira aliompokonya mpinzani, BLK ni mtupo wa mpinzani alioupiga au kuuzuia ukiwa njiani kwenda kikapuni, TO ni mpira alioupoteza, na PF ni faulo alizofanya. Ukiona FG 5-9, maana yake alitupa mara 9 akapata mara 5. 3P ni mitupo ya mbali ya pointi tatu, na FT ni mitupo huru inayotolewa baada ya faulo.

Sasa turudi kwa Thabeet. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, ana urefu wa mita 2.21, na kikapu alianza kukicheza akiwa tayari kijana wa sekondari. Alikwenda Marekani, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na katika msimu wake wa mwisho pale, 2008/09, alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa kila mechi. Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya Providence, alimaliza na pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10. Mchezaji akifikisha 10 au zaidi katika safu tatu kwenye mechi moja ni jambo kubwa, na kuifikisha kwa bloku ni adimu zaidi. Mtu aliyetazama pointi 15 peke yake angedhani ni siku ya kawaida.

Juni 2009 alichaguliwa wa pili katika drafti ya NBA na timu ya Memphis Grizzlies, akawa Mtanzania wa kwanza kufika ligi hiyo. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Wa tatu James Harden, na wa saba Stephen Curry. Hapo ndipo maneno yanapoanzia, maana Harden na Curry wamekuwa wachezaji bora wa ligi nzima, na Thabeet katika msimu wake wa kwanza alikuwa na wastani wa pointi 3.1, ribaundi 3.6 na bloku 1.3. Katikati ya msimu huo Memphis ilimpeleka kwa muda kwenye timu ya ligi ndogo. Mpaka leo wapo Wamarekani wanaomtaja kila wanapoorodhesha waliochaguliwa juu wakashindwa.

Lakini tazama safu ya MIN. Chuoni alikuwa anacheza karibu dakika 32 kwa mechi. Memphis alipewa 13.

Mkulima wa pamba hapa Simiyu analijua hili bila kufundishwa. Mwenye ekari kumi akileta kilo nyingi mzanini kuliko mwenye ekari mbili, hatusemi moja kwa moja kwamba ni mkulima bora. Tunauliza kwanza: kilo ngapi kwa ekari? Katika kikapu ekari ni dakika. Chukua tarakimu ya mchezaji, igawe kwa dakika alizocheza, kisha zidisha kwa 40. Utapata kiwango chake kama angekaa uwanjani dakika 40.

Tukimpimia Thabeet hivyo, bloku za chuoni zinakuwa kama 5.3 na za Memphis zinakuwa 4. Ribaundi zinatoka 13.6 hadi 11. Zimeshuka, ndiyo, lakini amehama kutoka kwa wanafunzi kwenda kwa wanaume wakubwa wa NBA, na kushuka huko si kuanguka. Pointi ndizo zilizoporomoka kweli: kutoka 17 hadi 9.5. Kwa hiyo jedwali linasema kitu tofauti na maneno ya barabarani. Ulinzi wake ulisafiri naye. Kufunga hakukusafiri. Na kwa nini dakika 13? Memphis ilikuwa na Marc Gasol katika nafasi ileile ya senta, na kocha hawezi kuwachezesha masenta wawili warefu wakati wote.

Tusimpendelee kwa kuwa ni wa kwetu, hata hivyo. Hesabu ya kwa dakika nayo ina mtego. Kishamba kidogo kando ya zizi, chenye mbolea ya ng'ombe, hutoa mavuno mazuri kwa ekari, lakini huwezi kuahidi kwamba ekari kumi za mbugani zitatoa vivyo hivyo. Mchezaji wa dakika 13 mara nyingi anakutana na wachezaji wa akiba wa upande wa pili, na anatumia nguvu zote kwa sababu anajua atatolewa. Tena senta anayewania kila mtupo hukusanya faulo haraka, na NBA ukifikisha 6 unatoka. Kwa sheria za kimataifa, tunazozitumia Tanzania, ni 5. Ndiyo maana PF na MIN husomwa pamoja.

Thabeet alipita pia Houston, Portland na Oklahoma City, akacheza mechi 224 za NBA kwa wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Hiyo si rekodi ya nyota, na sisi hatudai hivyo. Tunachodai ni kwamba anayesema "hakufanya chochote" hajafika safu ya BLK. Tena kuna faida ambayo jedwali haliwezi kuionyesha kabisa: mpinzani aliyemwona mtu wa mita 2.21 chini ya kikapu akaamua kutotupa. Mtupo usiotupwa hauandikwi popote.

Kwa upande wa timu, anza na asilimia ya mitupo, kisha TO na ribaundi. Tuseme timu mbili zote zinapata nusu ya mitupo yao, lakini moja imetupa mara 70 na nyingine mara 60. Mitupo 10 ya ziada imetoka wapi? Karibu kila mara imetoka kwenye mipira ambayo wenzao waliipoteza, au kwenye ribaundi walizozidaka chini ya kikapu cha wapinzani.

Walimu na vijana wanaocheza UMISSETA wanaweza kuandika takwimu hizi wenyewe kwa daftari na kalamu. Watu wawili wanatosha: mmoja anatazama mpira na kutamka, mwingine anachora vijiti. Mechi ya dakika 40 yenye wachezaji watano uwanjani lazima itoe jumla ya dakika 200 kwa kila timu. Kisha zidisha vikapu vya kawaida kwa 2, vya mbali kwa 3, ongeza mitupo huru iliyoingia. Jumla isipolingana na ubao wa matokeo, kuna kijiti kimesahaulika, na ni rahisi zaidi kukitafuta kabla wachezaji hawajaondoka uwanjani.