Kujitambua kwa Rika: Malezi ya Morani katika Nyanda za Juu za Ngorongoro

Kwa Wagiriki wa kale, safari ya kutoka ujingani hadi kujitambua ilimkabili mtu akiwa peke yake. Amri ya kujijua iliandikwa katika hekalu la Apollo huko Delphi, Socrates akaishika hadi alipohukumiwa kifo mwaka 399 kabla ya Kristo, na mtunzi wa tamthilia Sophocles akamwonyesha jukwaani mfalme anayemsaka mkosaji mpaka anajikuta ni yeye, kisa kilichowafikia wasomaji wa Kiswahili mwaka 1971 katika Mfalme Edipode, tafsiri ya S. S. Mushi. Kwa Wamaasai wa Nainokanoka, kando ya kreta ya Olmoti unakoanzia mto Munge, safari ya namna hiyo iliendeshwa na rika, yaani kundi la wanaume waliotahiriwa katika kipindi kimoja.

Layoni, mvulana asiyetahiriwa, hakuwa na neno mbele ya wakubwa. Siku ya tohara alimwagiwa maji ya baridi alfajiri, kisha akakatwa hadharani, na kope ikicheza tu aibu iliwashukia wazazi wake pia. Akiwa morani, yaani kijana shujaa aliyekwisha tahiriwa, alikatazwa kunywa maziwa peke yake. Mwiko huo, ambao mgeni angeudhani ushirikina, ulimlazimu mwenye njaa kumtafuta mwenzake kabla ya kushika kibuyu. Waliomkemea na kumbariki walikuwa olpiron, wazee wa rika la pili juu ya lake, wanaoitwa hivyo kwa kijiti cha kupekechea moto ambacho kwacho rika jipya huanzishwa. Katika eunoto, sherehe ya kutoka umorani mdogo kwenda umorani mkubwa, mama alimnyoa mwanawe nywele ndefu zilizopakwa udongo mwekundu, na vijana waliokuwa hawajatikisika mbele ya kisu walilia.

Lipo pia somo ambalo hakuna mzee aliyelipanga. Sotoka ya miaka ya 1890 na 1891 iliangamiza ng'ombe, ndui na njaa vikafuata, na Oscar Baumann alipoingia Ngorongoro mwaka 1892 aliwakuta Wamaasai waliokondeana kwa njaa. Watu waliojipima kwa mifugo walilazimika kujiuliza wao ni nani bila mifugo, na baadhi yao walikimbilia kwa wakulima na wawindaji. Ni anguko la aina waliyoiigiza Wagiriki, ila hapa lilikuwa la jamii nzima.

Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Kenya aliyewahoji wazee wenye hekima na kukumbusha kwamba hata Socrates hakuandika kitu, alimtenga mzee anayerudia mila na yule anayeihoji. Kwa kipimo hicho mfumo wa rika una upungufu, kwa kuwa ulimfunza kijana kujiona kwa macho ya wenzake kuliko kuuliza kama macho hayo yanaona sawasawa, na wanawake, ambao nafasi yao ilifuata rika la waume zao, hawakutengewa njia ya namna hiyo.