Kwa nini matairi ni meusi? Siri ya uimara wa mpira ni masizi

Mti wa mpira ukigemwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Hata matairi ya magari ya mwanzo yalikuwa meupe-meupe. Sasa huu weusi umetoka wapi?

Umetoka kwenye masizi. Siyo yale ya kukwangua chini ya sufuria, ni masizi ya kiwandani yanayotengenezwa kwa kuchoma mafuta mazito kwenye hewa kidogo. Jina lake la kitaalamu ni kaboni nyeusi.

Salfa peke yake haitoshi

Mwaka 1839, Mmarekani Charles Goodyear aligundua kuwa mpira ukichanganywa na salfa kisha ukapashwa moto, hauyeyuki ovyo kwenye joto wala kukakamaa kwenye baridi. Lakini tairi la mpira na salfa tu lingelika haraka sana barabarani.

Mwaka 1904, huko Silvertown, London, ikagundulika kuwa masizi yanaupa mpira nguvu. Miaka michache baadaye kampuni ya BF Goodrich ya Marekani ikaanza kuyatumia kwenye matairi.

Yanafanyaje kazi?

Mpira ni kama nyuzi ndefu zilizosokotana. Punje za masizi hunasa nyuzi hizo na kuzishika. Mpira ukivutwa, mzigo unagawanyika kwenye nyuzi nyingi badala ya chache. Ufa ukianza, unakutana na punje na kukwama.

Baadhi ya mpira wa viwandani, ambao bila kichanganyio hukatika kirahisi, huongezeka nguvu karibu mara 10. Masizi pia huukinga mpira na jua kali.

Udogo wa punje ndiyo mpango mzima

Punje za masizi ya tairi zina upana wa nanomita 20 hadi 30 hivi. Nanomita moja ni milimita moja ukiigawa mara milioni. Punje ikiwa ndogo, eneo la kushikana na mpira linakuwa kubwa.

Chaki ya kusagwa ina punje kubwa zaidi na haishikani vizuri na mpira. Inatumika kwa sababu ni rahisi: inajaza nafasi na kupunguza gharama, ila nguvu haiongezi sana. Ikizidi, mpira unachanika mapema.

Kingi siyo kizuri

Kwenye sehemu ya tairi inayogusa barabara, masizi huwa kama kilo 50 kwa kila kilo 100 za mpira. Yakizidi mno, mpira unakuwa mgumu, unapoteza mnyumbuko na unapata moto ukitembea.

Mwaka 1992, Michelin ilileta matairi yenye silika badala ya sehemu kubwa ya masizi. Hayo hupunguza matumizi ya mafuta.

Usidanganywe na rangi

Masizi kidogo tu yanatosha kuufanya mpira uwe mweusi tii, hata kama ndani umejaa chaki. Uzito nao siyo dalili ya uimara: chaki ni nzito kuliko masizi, hivyo bushi au mkeka wa gari unaweza kuwa mzito mkononi na bado ukachanika haraka.

Na zile ndala za matairi, katambuga au akala, ndiyo maana hazichakai leo wala kesho. Zimekatwa kwenye mpira uliotengenezwa kubeba gari.