Majina ya watengenezaji katika hifadhidata za makumbusho (Arusha na Meru)

Jina la mtengenezaji ni taarifa inayoandikwa katika hifadhidata ya makumbusho kumtaja mtu, kikundi au kiwanda kilichotengeneza kifaa. Jina hilo hubadilika: kiwanda huuzwa, nchi hubadili jina, mtu hubatizwa, huolewa au hupata mtoto. Kanuni kuu ya utunzaji ni kwamba jina lililochapwa au kuandikwa juu ya kifaa halifutwi hata likipitwa na wakati. Huingizwa kama lilivyo, herufi kwa herufi, kisha huunganishwa na majina yaliyolitangulia na yaliyolifuata.

Makumbusho ya Arusha

Arusha ina makumbusho mawili yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Makumbusho ya Azimio la Arusha yalifunguliwa mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio lenyewe. Makumbusho ya Elimu Viumbe yamo katika Boma la Wajerumani, lililojengwa karibu na mwaka 1900 kwa jasho la Waarusha na Wameru waliolazimishwa kufanya kazi, na yalianza mwaka 1987.

Viwanda

Mfano ulio wazi kuliko yote wa kanuni hiyo ni viko vya Arusha. Katika miaka ya 1950, Tanganyika Meerschaum Corporation ilianza kutengeneza viko kwa meerschaum, madini meupe mepesi yaliyochimbwa Sinya, upande wa Tanzania wa bonde la Amboseli. Viko hivyo viliuzwa nchi za nje kwa alama ya Kiko, vingine vikiwa na maneno yanayotaja Tanganyika na vingine Tanzania. Nchi ilianza kuitwa Tanzania mwishoni mwa mwaka 1964, miezi kadhaa baada ya Muungano wa Aprili 26. Kwa hiyo kiko chenye neno Tanganyika kina ushahidi wa umri wake juu ya mwili wake. Mtunzaji akisahihisha neno hilo kuwa Tanzania ili rekodi zifanane, ushahidi huo unapotea katika hifadhidata, na mtafiti aliye mbali na kabati hataujua. Aidha, Kiko ni alama ya biashara, si mtengenezaji. Mambo haya mawili hukaa katika sehemu mbili tofauti za rekodi.

Kiwanda cha matairi cha General Tyre East Africa, kilichoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, kinaonyesha tatizo jingine: umiliki unaobadilika. Serikali ilimiliki asilimia 74 ya hisa, na asilimia 26 zilikuwa za General Tire ya Marekani, iliyoandika jina lake kwa herufi i. Mwaka 1987 Continental ya Ujerumani iliinunua kampuni hiyo ya Marekani, na hisa zake za Arusha zikahamia huko. Mwenye hisa alibadilika, lakini jina la kiwanda lilibaki. Tairi la Arusha la mwaka 1990 huandikwa General Tyre East Africa, na Continental hutajwa kama mbia. Tofauti ya herufi moja kati ya Tyre na Tire nayo ilindwe, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha kampuni mbili.

Tanzania Breweries, yenye kiwanda Arusha, ni mfano wa aina hiyo: South African Breweries iliingia ubia mwaka 1993, na jina la kampuni likabaki.

Watu

Wakusanyaji wa enzi za ukoloni waliandika kwa uangalifu jina la aliyekusanya kifaa, na mahali pa mtengenezaji wakaweka kabila tu. Hata kabila halikutulia. Waarusha, wakulima wanaosema Kimaa, waliwahi kuitwa Wakwavi, na Wameru hujiita Varwa. Jina la zamani hubaki kwenye rekodi pamoja na chanzo chake, na jina ambalo wenyewe hujiita ndilo linalotangulia.

Fundi wa shanga anaweza kuwa na jina la kuzaliwa, la ubatizo na la heshima. Kwa wasemaji wa Kimaa, mwanamke mwenye mtoto huitwa Ngoto fulani, na mwanamume Menye fulani, yaani mama au baba wa mtoto huyo. Bila kuunganisha majina hayo, kazi za mwanamke mmoja hugawanywa kwa watu watatu wasiokuwepo.

Muundo wa rekodi

Kila mtengenezaji hupewa rekodi moja yenye namba isiyobadilika. Chini yake huorodheshwa majina yote, kila moja likiwa na mwaka wa kuanza, mwaka wa kuisha na chanzo. Rekodi ya kifaa hubeba maandishi yaliyomo juu yake na namba ya mtengenezaji. Anayetafuta jina lolote hufikishwa pale pale. Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilichapisha mwongozo wa viwango vya kumbukumbu za makusanyo ya Afrika mwaka 1996. Viwango vya Spectrum vya Uingereza hutumiwa pia.

Hali ya sasa

Majina ya mahali yanahitaji utaratibu huo huo: Sinya iliyokuwa Wilaya ya Monduli sasa iko Longido, na Arumeru imegawanywa kuwa halmashauri za Arusha na Meru. Kazi ya haraka zaidi ni majina ya mafundi wa vijijini. Ya viwanda yamo katika mafaili ya usajili, lakini ya mafundi yamo vichwani mwa wazee, nao waulizwe wangali hai.