Seleni: Madini Yaliyo Riziki na Sumu

Msomaji, mpishi mzoefu hapimi chumvi kwa mizani. Huitwaa kwa ncha za vidole, akainyunyiza mchuzini, na mchuzi ukakolea. Akiizidisha, chakula huchukiza, lakini walaji hawafi. Maji huongezwa, mpishi hulaumiwa, na jambo likaisha. Makosa mengi ya kipimo katika maisha yetu ni ya namna hiyo: hutia hasara au fedheha, wala hayaui. Lakini viko vitu ambavyo kipimo chake hakiwezi kuachiwa vidole. Nataka kukusimulia historia ya kimoja katika vitu hivyo, nacho ni madini yaitwayo seleni. Wanadamu waliijua kwanza kuwa ni sumu. Baadaye wakatambua kuwa ni riziki. Na mwisho iliwapasa kujifunza namna ya kuishika pasipo kudhurika. Somo hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na hata leo kuna wanaofeli.

Seleni iligunduliwa mwaka 1817 katika nchi ya Uswidi. Mgunduzi wake, Jöns Jacob Berzelius, alikuwa bingwa wa kemia, na mwenziwe katika kazi hiyo alikuwa Johan Gottlieb Gahn. Walikuwa wakichunguza mashapo mekundu yaliyobaki katika kiwanda cha asidi ya salfa. Mwanzoni walidhani kuwa wameona teluri, kitu ambacho jina lake latokana na neno la Kilatini lenye maana ya ardhi. Walipotambua kuwa mbele yao palikuwa na kitu kipya, Berzelius alikipa jina litokanalo na Selene, yaani mwezi katika lugha ya Kiyunani, kwa kuwa mwezi ni jirani wa ardhi. Jina lilikuwa zuri, lakini hapana aliyejua bado kuwa kitu hicho kilikuwa kimekwisha kuua wanyama wengi.

Mwaka 1860 daktari wa jeshi la Marekani, T. C. Madison, aliandika habari za ugonjwa wa ajabu alioushuhudia kwa farasi wa ngome ya Fort Randall, katika nchi ambayo leo huitwa South Dakota. Singa za shingo na mikia ya farasi zilipukutika. Kwato zao zilipasuka na kuuma hata wanyama wakashindwa kwenda kutafuta malisho, na wengi wakafa. Wakulima waliohamia huko baadaye waliyaona mambo hayo hayo katika ng'ombe na nguruwe wao. Walishuku maji ya magadi, wakauita ugonjwa huo kwa jina la magadi. Walikosea. Mapema katika miaka ya 1930 wataalamu walithibitisha kuwa sumu ilikuwamo ndani ya nyasi na nafaka zenyewe. Udongo wa sehemu zile ulikuwa na seleni nyingi. Mizizi iliinyonya, na mnyama akaila pamoja na malisho yake. Shamba lilikuwa la kijani kibichi, mazao yalistawi, na kifo kilikuwa kimejificha ndani yake.

Kwa muda wa miaka zaidi ya 20 seleni ilihesabiwa kuwa adui tu. Kisha, mwaka 1957, Klaus Schwarz na Calvin Foltz, watafiti huko Marekani, walileta habari iliyowashangaza wenzao. Panya waliolishwa chakula cha namna fulani walikuwa wakifa kwa kuharibika maini. Watafiti hao walipowapa kiasi kidogo mno cha seleni, maini yalisalimika. Punde ikajulikana kuwa wana-kondoo wenye ugonjwa wa misuli myeupe waliweza kukingwa kwa madini yayo hayo. Fikiri, msomaji, jinsi jambo hili lilivyokuwa zito kwa watu wa wakati ule. Kitu kilichong'oa kwato za farasi kilikuwa pia kitu ambacho mwili hauwezi kuishi bila yake!

Ushahidi mkubwa kuliko wote ulitoka China. Mwaka 1935 katika wilaya ya Keshan, kaskazini-mashariki ya nchi hiyo, palizuka ugonjwa wa moyo ulioua watu wengi, hasa watoto wadogo na wanawake wa umri wa kuzaa. Ulionekana baadaye katika mikoa mingine pia. Wagonjwa wote walikuwa watu wa mashamba waliokula yale waliyoyalima wenyewe, na udongo wao ulikuwa na seleni haba sana. Mwaka 1974 waganga walifanya jaribio katika wilaya ya Mianning, mkoa wa Sichuan. Watoto 4,510 walipewa kila juma kidonge chenye chumvi ya seleni, ambayo wataalamu huiita selenaiti ya sodiamu: nusu miligramu kwa wadogo na miligramu moja kwa wakubwa wao. Wengine 3,985 walipewa vidonge visivyo na dawa. Katika kundi hili la pili waliugua watoto 54. Katika kundi la kwanza waliugua 10 tu. Majaribio ya mwaka uliofuata yalionyesha jambo lilo hilo, na baada ya hapo watoto wote wakapewa dawa. Ilikuja kujulikana kuwa virusi navyo vilikuwa na sehemu katika ugonjwa huo, lakini upungufu wa seleni ndio uliowafungulia mlango.

Lakini China hiyo hiyo ilikuwa na Enshi, katika mkoa wa Hubei. Huko mawe ya makaa yana seleni nyingi ajabu, na udongo uliotokana na mawe hayo unayo vile vile. Kati ya mwaka 1961 na 1964 ukame uliharibu mpunga, watu wakategemea zaidi mahindi na mboga za mashamba yao. Nywele zikawatoka na kucha zikang'oka. Katika vijiji vitano vilivyodhurika zaidi, vyenye wakazi 248, karibu nusu yao waliugua. Basi katika nchi moja, na katika vizazi vya watu walio hai kwa wakati mmoja, watoto wa Keshan walikufa kwa kuikosa seleni, na watu wa Enshi walidhurika kwa kuipata mno.

Sasa tazama jinsi nafasi iliyopo kati ya haba na nyingi ilivyo nyembamba. Kwa hesabu za wataalamu wa Marekani, mtu mzima ahitaji mikrogramu 55 za seleni kwa siku, na asizidishe 400. Wataalamu wa Ulaya mwaka 2023 waliushusha mpaka huo wa juu hadi 255. Gramu moja ina mikrogramu milioni moja. Ukigawanya, utaona kuwa gramu moja ya seleni, ambayo ingeweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba, yatosha riziki ya mtu mmoja kwa miaka karibu 50. Katika chuo ninachofundisha walimu, huwaomba wanafunzi wakadirie gramu moja ya chumvi kwa jicho, kisha waiweke katika mizani. Wengine huleta nusu gramu, wengine gramu tatu. Hucheka sana, nami huwaacha wacheke, kisha huwauliza: kama hii ingekuwa seleni, je?

Hapo ndipo penye kazi ya watu wanaotengeneza vyakula vya mifugo. Mwaka 1974 serikali ya Marekani iliruhusu seleni itiwe katika chakula cha nguruwe na cha kuku wanaokua, kwa kiasi cha gramu 0.1 kwa tani nzima. Kiasi hicho ni chepesi kuliko punje moja ya mahindi, nacho chapaswa kuenea sawasawa katika magunia 20 ya kilo 50. Ukiitupa unga huo moja kwa moja katika rundo, kuku mmoja ataipata yote naye atakufa, na wengine hawatapata kitu. Kwa hiyo seleni huchanganywa kwanza na kiasi kidogo cha pumba au chokaa. Mchanganyiko huo huchanganywa na mwingi zaidi. Na hatua kwa hatua hufika katika tani. Kazi hii yahitaji mizani ya kweli na mtu asiyeona haya kupima mara mbili.

Mahali ambapo uangalifu huo ulikosekana, madhara hayakukawia. Mwaka 2008 huko Marekani iliuzwa dawa ya maji ya kuongeza madini mwilini. Maandishi ya chupa yalisema kuwa kipimo kimoja kina mikrogramu 200 za seleni. Kumbe zilikuwamo 40,800. Watu 201 waliugua: walihara, viungo viliwauma, nywele ziliwatoka. Walikuwa wametoa fedha zao kununua afya. Mwaka uliofuata, katika jimbo la Florida, farasi 21 wa mchezo wa polo walikufa baada ya kupewa dawa iliyochanganywa kwa makosa, ambayo seleni yake ilizidi kiasi.

Kwa sababu hizi, anayefanya kazi karibu na chumvi ya seleni hufuata desturi kali. Huvaa glavu, kwa kuwa unga huo huunguza ngozi na macho. Hufunika pua na mdomo, kwa kuwa vumbi lake ni sumu ivutwapo. Hali wala hanywi mahali pa kazi, na hunawa kabla ya kugusa chakula. Huiweka mbali na asidi, isije ikatoa gesi yenye sumu. Huifungia chini ya kufuli, katika chombo chenye jina lake, kamwe si katika kopo la unga wa kupikia. Na pumzi ya mtu ikianza kunuka kama kitunguu saumu ingawa hakukila, hilo ni onyo la mwili kwamba seleni imemwingia, naye yampasa kwenda kwa daktari.

Huenda wewe msomaji usiione seleni tupu hata siku moja. Lakini mawe mengi ya chumvi wanayolamba ng'ombe wetu, na vidonge vingi vya madini katika maduka ya dawa, vinayo kidogo. Soma karatasi iliyobandikwa juu yake. Usimpe mnyama mmoja kilichopimiwa mwingine, wala usimeze viwili kwa kudhani kuwa kilicho chema kikiongezwa huwa chema zaidi. Wahenga walisema kidogo kidogo hujaza kibaba. Kwa seleni, msomaji, hicho kidogo ndicho kibaba chenyewe, nacho kimekwisha kujaa.